Apokalipsi, Ufunuo na Kiama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mji ukiangushwa na tetemeko, vita vikipamba moto au ugonjwa mpya ukivuka mipaka, watu hurudi haraka kwenye kurasa zinazosimulia mwisho wa dunia. Wengi hurudi kwa hofu. Nimeandika majibu haya kwa sababu nayapenda maandiko hayo, na naumia kuyaona yakitumiwa kuwatisha wanyonge, ilhali wanyonge ndio walioandikiwa kwanza ili wasikate tamaa.

Je, apokalipsi maana yake ni mwisho wa dunia?

Leo ndivyo wengi wanavyolitumia neno hilo. Asili yake ni Kigiriki, na lilimaanisha kufunua kilichofichwa. Ndilo linalofungua kitabu cha mwisho cha Agano Jipya, nasi kwa Kiswahili tunakiita Ufunuo. Maana ya maangamizi iliingia baadaye, kwa kuwa kitabu chenyewe kimejaa moto, njaa na vita.

Wataalamu wa Biblia hulitumia pia kutaja aina maalumu ya maandishi. Mwaka 1979 John J. Collins na wenzake walitoa maelezo yanayotumika hadi sasa: ni simulizi ambamo kiumbe wa mbinguni anamfunulia binadamu siri za ulimwengu usioonekana na za wokovu wa siku za mwisho. Kwa kipimo hicho, kutaja siku ya mwisho peke yake hakutoshi. Hotuba ya Yesu katika Marko 13 inataja vita, njaa na nyota kuanguka, lakini haina maono wala malaika wa kuyafasiri, kwa hiyo wengi huiweka jirani na kundi hilo, si ndani yake.

Maandiko ya namna hii yalianza lini, na kwa nini?

Sehemu za kale zaidi za Kitabu cha Henoko ni za karne ya 3 kabla ya Kristo. Henoko, ambaye Mwanzo 5 inasema alikwenda pamoja na Mungu kisha akatoweka, humo anatembezwa na malaika hadi mipaka ya ulimwengu. Anaonyeshwa gereza la malaika walioasi, na mahali ambapo roho za wafu zinasubiri hukumu. Miongoni mwa roho hizo anaisikia ya Habili, ambayo bado inamshtaki Kaini. Makanisa mengi yalikiacha kitabu hicho. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lilikihifadhi kizima kwa lugha ya Kigeez, na hadi leo kimo katika Biblia yake. Vipande vya Kiaramu vilivyopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, vilithibitisha kwamba kweli ni cha kale.

Danieli ndiye anayetuonyesha vizuri zaidi sababu. Mwaka 167 kabla ya Kristo Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki aliyetawala Siria, alipiga marufuku Sabato na tohara, na katika hekalu la Yerusalemu ikawekwa madhabahu ya mungu wa Kigiriki. Waliokataa waliuawa. Wataalamu wengi wanaamini sura za 7 hadi 12 za Danieli ziliandikwa katika miaka hiyo, ingawa wapo waumini wanaoshikilia kwamba ni maneno ya Danieli mwenyewe aliyekuwa uhamishoni Babeli. Vyovyote iwavyo, swali lililo ndani yake linasikika wazi. Manabii wa zamani walifundisha kwamba anayeishika sheria ya Mungu atabarikiwa. Sasa walioishika ndio waliokuwa wakiuawa, na kwa sababu hiyohiyo ya kuishika. Haki yao iko wapi?

Jibu limo katika Danieli 12: wengi waliolala katika mavumbi ya nchi wataamka. Hakuna mahali pengine katika Agano la Kale ambapo ufufuo wa wafu umetajwa waziwazi namna hiyo. Ulitajwa pale kwa ajili ya watu waliouawa bila kosa, na kwangu mimi huo ndio moyo wa maandiko yote ya aina hii.

Kwa nini yamejaa wanyama wa ajabu na namba?

Sababu moja ni usalama. Kumtukana mfalme kwa jina lake kulikuwa hatari, lakini pembe ndogo ya Danieli 7 inayonena maneno makuu ingeweza kueleweka kwa walengwa bila kutajwa ni nani. Hata hivyo sababu hiyo imekuzwa mno. Picha hizi zinasema jambo ambalo maneno ya kawaida hayalifikii. Dola hujionyesha kwa dhahabu, mahekalu na barabara nzuri. Mwonaji anaitazama dola hiyohiyo na kuona mnyama anayerarua watu. Kumbuka pia kwamba mwandishi wa Ufunuo alikuwa amelowa Maandiko ya Kiebrania. Karibu kila mstari wake una mwangwi wa Ezekieli, Isaya, Zekaria, Danieli au Kutoka, ingawa hasemi popote kwamba ananukuu. Asiyezijua sauti hizo huona vioja, anayezijua husikia wimbo wa zamani ukiimbwa upya.

Kitabu cha Ufunuo kiliandikwa na nani, kwa ajili ya nani?

Mwandishi anajiita Yohana na anasema alikuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya neno la Mungu. Mapokeo ya Kanisa yalimtambua kuwa ni mtume Yohana. Tayari katika karne ya 3 Dionisio, askofu wa Aleksandria, alilinganisha Kigiriki cha Ufunuo na cha Injili ya Yohana akaona ni waandishi wawili. Kwa kawaida kitabu kinawekwa mnamo mwaka 95, utawala wa Domitiano, Kaisari wa Roma, ukielekea mwisho, ingawa wachache hukirudisha hadi miaka ya baada ya Nero, Kaisari aliyemtangulia.

Wasomaji wake wanajulikana kwa majina ya miji: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Yote iko katika Uturuki ya leo. Katika eneo hilo kumwabudu Kaisari kulikuwa sehemu ya maisha ya mji. Pergamo ilikuwa na hekalu la Augusto na mungu wa kike Roma tangu kabla ya Yesu kuzaliwa, na Efeso ilijenga la ukoo wa Domitiano. Aliyetaka biashara iende alishiriki karamu za vyama vya mafundi, na karamu hizo zilikuwa na sadaka za miungu. Kwa hiyo shida ya makanisa haya haikuwa mateso peke yake. Smirna waliteswa na Antipa aliuawa Pergamo, lakini Laodikia walikuwa matajiri waliostarehe kabisa na dola, nao ndio wanaokemewa kwa ukali kuliko wote.

Soma sura ya 6. Anayepanda farasi mweusi ana mizani mkononi, na sauti inatangaza bei: kipimo kimoja cha ngano kwa dinari moja, yaani ujira wa kibarua wa siku nzima kwa chakula cha mtu mmoja. Mafuta na divai havikuguswa. Kisha soma sura ya 18, Babeli unapoanguka. Babeli hapa ni Roma, mji wa vilima saba. Wafanyabiashara wanalia kwa sababu hakuna tena anayenunua shehena yao, na shehena inaorodheshwa: dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, hariri, pembe za ndovu, shaba, marumaru, mdalasini, manukato, divai, mafuta, unga, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Mwisho kabisa, baada ya magari, inakuja miili na roho za wanadamu. Sijui kama kuna andiko la kale linaloueleza utumwa kwa ufupi na kwa uchungu kama huo. Mwandishi aliutazama utajiri wa dola mpaka chini ya shehena, akamkuta mtu amelala huko.

Ndiyo maana nasema ni kitabu cha wanaoonewa. Waliouawa wako chini ya madhabahu, wanalia "hata lini?", na kitabu kizima kinajibu kilio hicho.

Namba 666 ni ya nani?

Ufunuo 13 inasema ni namba ya mnyama. Kwa Waebrania na Wagiriki herufi zilikuwa pia tarakimu, kwa hiyo jina lolote liliweza kujumlishwa. "Nero Kaisari" likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, kwa kufuata matamshi ya Kigiriki, jumla yake ni 666. Likiandikwa kwa matamshi ya Kilatini hupungua herufi moja na jumla huwa 616. Nakala kadhaa za kale za Ufunuo zina 616 kweli, na askofu Irenayo katika karne ya 2 aliijua tofauti hiyo, ingawa aliiona ni kosa la wanakili. Ushahidi huo unatosha kunishawishi kwamba Nero ndiye aliyelengwa. Kila kizazi kimemtafuta mwingine: mapapa, wafalme, marais, na siku hizi kadi na vifaa vya kielektroniki. Mwandishi alisema mwenye akili na aihesabu, na hilo lina maana tu kama watu wa Efeso na Pergamo wangeweza kuihesabu siku ile walipoisikia.

Har-Magedoni ni wapi?

Jina linatokea mara moja tu, Ufunuo 16:16, na huenda linahusiana na Megido, mji wa kale kaskazini mwa Israeli palipopiganwa vita vingi. Wafalme wanakusanyika hapo, lakini vita vyenyewe havisimuliwi katika sura hiyo.

Mpinga Kristo na unyakuo vimo katika Ufunuo?

Maneno yote mawili hayamo. Mpinga Kristo anatajwa katika Waraka wa kwanza na wa pili wa Yohana tu, na humo wapinga Kristo ni wengi, tena wametoka ndani ya kanisa. Kunyakuliwa mawinguni kumo katika 1 Wathesalonike 4, pale Paulo anapowafariji waliofiwa. Fundisho la unyakuo wa siri utakaotangulia miaka ya dhiki lilienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kisha na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Wakristo wengi duniani, wakiwemo Wakatoliki na Waorthodoksi, hawalifundishi.

Na ile miaka elfu moja?

Ufunuo 20 inasema Shetani atafungwa miaka elfu, na walioteswa watatawala na Kristo. Wakristo wengi wa mwanzo walingoja utawala huo duniani kabisa. Agostino, mwanzoni mwa karne ya 5, akafundisha kwamba miaka elfu ni mfano wa wakati wa Kanisa, na Kanisa la Magharibi likamfuata kwa karne nyingi. Lakini matumaini ya zamani hayakuzimika. Yoakimu wa Fiore, aliyefariki mwaka 1202, aligawa historia katika nyakati tatu, ya Baba, ya Mwana na ya Roho Mtakatifu, na wazo lake likawawasha watu kwa vizazi. Mwaka 1525 Thomas Müntzer aliongoza wakulima wa Ujerumani wakiamini saa ya mavuno imefika. Walichinjwa kwa maelfu. Watawala walijua vizuri sana kwa nini sura ya 20 ni hatari.

Uislamu unafundisha nini kuhusu Kiyama?

Kuiamini Siku ya Mwisho ni nguzo ya imani, na Qurani inairudia tangu sura za Makka za mwanzo. Al-Qaria, Az-Zalzala, At-Takwir, Al-Infitar: ni sura fupi, zenye mapigo, na hata asiyejua Kiarabu huzisikia zikitikisa. Jua linakunjwa, nyota zinapukutika, milima inaendeshwa, bahari zinawashwa moto. Kisha katikati ya msukosuko huo wa mbingu na ardhi, At-Takwir inasimama kwa mtoto mmoja. Msichana aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Mbingu zote zimevunjwa, na kesi inayotajwa ni ya mtoto ambaye jamii yake haikumhesabu kuwa kitu. Kila nikiifikia aya hiyo naona undugu wake na wale walio chini ya madhabahu.

Kuhusu lini, Al-Aaraf 187 inasema elimu ya Saa iko kwa Mola peke yake. Katika hadithi mashuhuri ya Jibrili, Mtume anapoulizwa kuhusu Saa anajibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Dalili kubwa zimetajwa katika hadithi: Dajali mdanganyifu mkuu, kushuka kwa Isa mwana wa Mariamu, Yajuju na Majuju, mnyama, moshi, jua kuchomoza magharibi. Baadhi, kama Yajuju na Majuju na mnyama, zimo pia katika Qurani. Dajali hatajwi humo kwa jina. Mahdi, kiongozi mwongofu wa siku za mwisho, anangojwa na Wasuni wengi na Washia pia, ila Washia wa Maimamu Kumi na Wawili wanaamini tayari alizaliwa na yuko katika ghaibu, yaani amefichwa machoni pa watu.

Dini nyingine nazo zina mwisho wa dunia?

Zinao, ingawa si wote wanaofikiri kwa mstari ulionyooka. Wazoroastria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, wanafundisha kwamba mwishoni wafu watafufuliwa, na wote watapita katika mto wa madini yaliyoyeyuka. Kwa watu wema mto huo utakuwa kama maziwa ya uvuguvugu. Wahindu huhesabu kwa mizunguko: Kali Yuga, wakati wa sasa, ni wa miaka 432,000, na mwishoni mungu Vishnu atakuja kwa umbo la Kalki, juu ya farasi mweupe, kisha zama za dhahabu zitaanza tena. Wabudha wanamngoja Maitreya, Buddha ajaye. Katika mashairi ya Skandinavia ya kale miungu wenyewe wanakufa vitani, ardhi inazama baharini, halafu inaibuka tena ikiwa ya kijani, na watu wawili waliojificha wanaanza upya.

Wamaya walitabiri mwisho wa mwaka 2012?

Hapana. Tarehe 21 Desemba 2012 ulikamilika mzunguko mmoja wa kalenda yao. Maandishi yao huko Palenque, mji wao wa kale ulio Meksiko ya leo, yanataja tarehe inayoangukia mwaka 4772.

Waliotaja tarehe waliishia wapi?

William Miller, mkulima wa Marekani aliyeisoma Danieli kwa bidii, aliwafikisha maelfu ya watu hadi tarehe 22 Oktoba 1844. Walikesha, Kristo hakuonekana, na asubuhi walilia. Sehemu yao waliisoma upya tarehe hiyo, na kutoka kwao likazaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato lililoundwa rasmi mwaka 1863.

Huzuni zaidi ni ya Waxhosa wa Afrika Kusini. Mwaka 1856, ardhi yao ikiwa imemegwa na vita vya wakoloni na mifugo yao ikifa kwa homa ya mapafu, msichana aitwaye Nongqawuse alisema wahenga wameahidi kufufuka na kuwafukuza wavamizi endapo ng'ombe wote watachinjwa na mashamba yasipandwe. Wengi walitii. Inakadiriwa watu wapatao 40,000 walikufa kwa njaa, na serikali ya kikoloni ikatumia njaa hiyo kuchukua ardhi na vibarua. Siwezi kuwacheka. Walikuwa wamenyang'anywa kila kitu, na waliamini wafu wao hawajawasahau.

Tofauti kabisa ni kiongozi anayeimiliki siri ya mwisho kwa faida yake. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililohubiri mwisho wa dunia walikufa. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, yalifukuliwa makaburi yenye miili zaidi ya 400, watoto wakiwa wengi. Mtu anayekutenga na ndugu zako, anayekukataza chakula, dawa au shule kwa kuwa dunia inaisha, hana andiko lolote upande wake. Ondoka, toka na watoto, na toa taarifa.

Kungoja mwisho hakuwafanyi watu waache kazi?

Swali hili lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Thesalonike walikuwepo walioacha kazi zao, na Paulo akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Upande wa Uislamu ipo hadithi inayosema: Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu kuna mche, akiweza kuupanda na aupande.

Fasihi imeyachukuaje haya?

Kwa karne nyingi ilichora na kuimba yaliyomo katika Maandiko. Mwaka 1498 Albrecht Dürer alichapa michoro ya Ufunuo, na wapanda farasi wake wanne bado ndio tunaowaona akilini. Mkanyagwa wa mbele kabisa, anayemezwa na kinywa cha kuzimu, ana kilemba cha askofu kichwani.

Mabadiliko makubwa yalikuja karne ya 19. Mlima Tambora ulilipuka mwaka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi. Katika giza hilo mshairi Mwingereza Byron aliandika shairi kuhusu jua lililozimika, na miaka kumi baadaye Mary Shelley akatoa riwaya ambamo tauni inawamaliza binadamu wote isipokuwa mmoja. Kwa mara ya kwanza mwisho ulisimuliwa bila hukumu, bila mwonaji, bila Yerusalemu Mpya. Baada ya Hiroshima, 1945, hakuhitajika hata muujiza: binadamu mwenyewe alikuwa na moto wa kutosha. Riwaya na filamu nyingi za leo zimetoka kwenye tawi hilo. Nyingine ni nzuri sana, lakini nyingi zinajua kubomoa tu, na waliouawa ndani yake hawaulizwi chochote na mtu yeyote.

Tawi jingine linasimulia kuanguka kwa ulimwengu wa watu fulani. W. B. Yeats aliandika mwaka 1919, Ulaya ikiwa magofu, shairi la mnyama anayejikokota kuelekea Bethlehemu. Chinua Achebe akachukua maneno ya shairi hilo kuwa jina la riwaya yake ya 1958, Things Fall Apart, ile tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Maneno ya Mwairelandi aliyehofia ustaarabu wa Ulaya yakahamishiwa kwa Waigbo ambao ustaarabu huo ndio uliowavunjia dunia. Na kabla yao wote, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na mazulia sasa makao ya ndege na popo, akausemesha moyo wake katika Al-Inkishafi, jina ambalo nalo ni la kufunuliwa. Anapita katika mji ulioanguka na anaishia Jehanamu. Humwambia tajiri mambo yaleyale ambayo Laodikia waliambiwa.

Nikitaka kuyasoma mwenyewe, nianze wapi?

Anza na Danieli 7, ukiwa na sura ya kwanza ya Wamakabayo wa Kwanza, kitabu kilichomo katika Biblia za Kikatoliki, pembeni ili uione hali ya wakati ule. Kisha soma Ufunuo wote kwa kikao kimoja, kwa sauti, ikiwezekana na wenzako. Haichukui saa mbili, na mstari wa 3 wa sura ya kwanza unambariki asomaye na wale wasikiao, kwa sababu ndivyo kilivyokusudiwa. Usisimame kutafuta nani ni nani. Qurani, fungua At-Takwir, Al-Infitar, Az-Zalzala na Al-Qaria, na kama hujui Kiarabu zisikilize kwanza zikisomwa na msomaji mzuri kabla ya kushika tafsiri. Ukikwama kwa mnyama wa Ufunuo 13, rudi Danieli 7 uwatazame simba, dubu na chui wanaotoka baharini mmoja mmoja, kisha urudi umtazame tena huyu mmoja.